Enrico Fermi na Kitabu cha Padre Caraffa
Enrico Fermi alizaliwa Roma mwaka 1901. Akiwa na miaka 13 alifiwa na kaka yake Giulio, rafiki yake wa karibu kuliko wote, katika upasuaji mdogo wa koo. Majonzi yakamsukuma kwenye vitabu. Katika soko la Campo de' Fiori alinunua kitabu kikuukuu cha fizikia kilichoandikwa kwa Kilatini na Padre Andrea Caraffa, Mjesuiti, akakisoma chote. (Waseminari mnaolalamikia Kilatini, mpo?)

Mwaka 1936 aliandika kuhusu nyutroni za mwendo wa polepole. Nguvu za kiini cha atomu hazifiki mbali, na nyutroni ya namna hiyo haitambui yaliyomo ndani ya kiini. Fermi akaziwakilisha nguvu zote kwa nukta moja yenye namba moja, iliyopatikana kwa vipimo, na hesabu zikakubali. Kwa chembe tatu, nukta haitoshi: L. H. Thomas alikwisha kuonyesha mwaka 1935 kwamba zingebanana bila kikomo. Wataalamu wa baadaye waliongeza namba ya pili.

Mwaka 1938 sheria za ubaguzi nchini Italia zilimlenga mkewe Laura, Myahudi. Walikwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel, na hawakurudi nyumbani; wakapanda meli kwenda Marekani. Huko alishiriki kutengeneza bomu la atomu, jambo linalodai makala yake. Alifariki Chicago mwaka 1954 kwa saratani ya tumbo.