Paul Langerhans na Visiwa vya Kongosho

Umekwisha kujifunza kwamba kongosho ni kiungo laini kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula, na kwamba hutoa majimaji yanayomeng'enya chakula katika utumbo mwembamba. Katikati ya karne ya 19 wataalamu waliijua kazi hiyo moja tu. Kwamba kongosho lina kazi ya pili, ambayo bila hiyo mtu hawezi kuishi, hakuna aliyejua. Dalili yake ya kwanza ilionwa na mwanafunzi aliyekuwa bado hajatimiza miaka 22.

Paul Langerhans alizaliwa mjini Berlin, nchini Ujerumani, tarehe 25 Julai, 1847. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Paul akiwa bado mtoto. Siku hizo ugonjwa huo haukuwa na dawa, wala vijidudu vinavyouleta vilikuwa havijagunduliwa. Viligunduliwa mwaka 1882. Paul alipokua aliamua kusomea udaktari, kwanza katika mji wa Jena, kisha Berlin. Huko Berlin alifundishwa na Rudolf Virchow, mtaalamu mashuhuri aliyesisitiza kwamba anayetaka kuuelewa ugonjwa sharti azichunguze seli za mwili.

Kijana huyo alipenda sana kazi ya hadubini. Mwaka 1868 alichukua vipande vya ngozi ya binadamu, akavitia katika dawa yenye dhahabu ili sehemu zake zionekane vizuri. Akaona seli ngeni zenye matawi kila upande, mfano wa nyota. Alidhani ni seli za neva. Hilo halikuwa kweli, kwani sasa tunajua kuwa ni askari wa mwili wanaovitambua vijidudu vinavyopenya katika ngozi. Hata hivyo mchoro wake ulikuwa sahihi, na seli hizo zinaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Mwaka uliofuata alilichunguza kongosho, hasa la sungura. Kazi hii haikuwa rahisi. Kongosho likitolewa mwilini huharibika upesi, kwa sababu majimaji yake yenyewe huanza kulimeng'enya. Langerhans aliliroweka katika dawa ya kulihifadhi, kisha akazitenganisha sehemu zake kwa uangalifu na kuzitazama moja moja. Seli nyingi alizoziona ni zile zinazotoa majimaji ya kumeng'enya chakula. Lakini katikati yake palikuwa na mafungu madogo ya seli za namna nyingine, zilizokuwa angavu zaidi. Kila fungu lilikuwa na upana wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita, likiwa limezungukwa na seli nyingine pande zote, kama kisiwa kilichozungukwa na maji.

Mafungu hayo yalifanya kazi gani? Langerhans hakujua. Katika maandishi yake ya mwaka 1869, aliyoyatoa ili apewe shahada ya udaktari, alieleza umbo la seli hizo, ukubwa wake na mahali zilipo, kisha akakiri waziwazi kwamba hakuijua kazi yake. Wengine wangalitunga maelezo ya kupendeza ili wasionekane wajinga mbele ya walimu wao. Yeye hakufanya hivyo.

Mwaka 1870 alisafiri Misri, Shamu na Palestina, kisha akawatibu majeruhi katika vita vya Ujerumani na Ufaransa. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Freiburg, na wengi waliamini kwamba angekuwa mtaalamu mkubwa wa zama zake. Ndipo mwaka 1874 alipopatwa na kifua kikuu, ugonjwa uleule uliomwua mama yake. Alikuwa na miaka 27 tu.

Madaktari wa wakati ule waliwashauri wagonjwa wa kifua wakae mahali penye hewa nzuri. Langerhans alijaribu sehemu kadhaa, na mwaka 1875 akafika Madeira, kisiwa cha Wareno katika bahari ya Atlantiki, upande wa kaskazini magharibi ya Afrika. Kazi ya chuo kikuu ilikuwa imekwisha. Lakini alipopata nafuu, aliwatibu wagonjwa katika mji wa Funchal, na alikwenda pwani kukusanya minyoo ya baharini na kuichunguza kwa hadubini. Jamii moja ya minyoo hiyo aliipa jina la mwalimu wake Virchow. Mwaka 1885 alioa. Miaka mitatu baadaye figo zake zilishindwa kufanya kazi, naye akafariki tarehe 20 Julai, 1888, akiwa na miaka 40. Alizikwa hukohuko Funchal.

Mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, wataalamu wawili katika mji wa Strasbourg walimtoa mbwa kongosho, wakaona amepata ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1893 mtaalamu Mfaransa, Edouard Laguesse, aliyaita yale mafungu visiwa vya Langerhans. Hatimaye, mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best wa Kanada walifaulu kupata katika kongosho la mbwa dawa inayopunguza sukari katika damu. Mwaka 1922 mvulana wa miaka 14, aliyekuwa karibu kufa kwa kisukari, alidungwa dawa hiyo akapata nguvu. Iliitwa insulini, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa.

Kongosho lina seli nyingine pia, ambazo nazo zina umbo la nyota. Mwaka 1998 wataalamu wa Australia na Ujerumani walifaulu kuzitenga na kuzikuza nje ya mwili. Katika kongosho zima, seli hizi hutulia na kuhifadhi vitamini A. Lakini kongosho likiumizwa mara kwa mara, kwa mfano kwa pombe nyingi, huamka, huongezeka na kutengeneza nyuzi ngumu za kovu. Kovu likienea, kongosho hukakamaa, na hata visiwa vya Langerhans huweza kuharibika, mgonjwa akapata kisukari. Wataalamu wangali wanatafuta njia ya kuzirudisha katika utulivu wake.