James Kirkman: Mtafiti aliyefukua vyungu vya majini Pwani

WENYEJI wa Mji wa Kale, Mombasa, huiita Ngomeni, nao wageni huijua kwa jina la Fort Jesus. Ni wachache kati ya wanaopita katika lango lake wanaokumbuka kwamba ngome hiyo ilikuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Aliyesimamia kazi ya kuigeuza kuwa makumbusho ni mwanaakiolojia Mwingereza, James Spedding Kirkman.

Kabla ya kufika Ngomeni, Kirkman alikuwa amepitia kazi nyingine iliyomkutanisha na jambo zito katika imani za Pwani. Alifukua vyungu vilivyoaminika kuwa makao ya majini.

Kirkman alizaliwa mwaka 1906. Mwaka 1948, akiwa amevuka umri wa miaka 40, alikabidhiwa ulinzi wa magofu ya Gedi, karibu na Malindi. Wakati huo mji huo ulikuwa umemezwa na msitu, na alitumia takriban miaka 10 kuufukua.

Chini ya mizizi aliibua msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, makaburi na nyumba nyingi za mawe. Kaburi moja lilikuwa na maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399. Nyumba kadhaa alizipa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake, kama vile Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri na Nyumba ya Taa ya Chuma.

Mtaalamu huyo hakuficha hali iliyompata siku za kwanza katika mahame hayo. Aliandika kwamba alihisi kuna kitu au mtu anayemtazama kutoka nyuma ya kuta, asiye rafiki wala adui, bali anayengoja jambo alilojua litatokea. Kwa msomi wa enzi zake, kukiri hivyo halikuwa jambo dogo.

Wakaazi wa vijiji vya jirani wasingeshangazwa na maneno hayo. Kwao, roho za wazee wa kale hazijauhama mji huo, na asiyeuheshimu atapatwa na mabaya.

Ni katika nyumba hizo ambamo Kirkman alikuta vyungu vilivyozikwa karibu na milango. Hilo ndilo fingo. Aliyelizika aliamini kwamba jini angeweza kuvutwa akae ndani ya chungu, awe mlinzi wa nyumba. Mtu aliyeingia kwa nia mbaya angerukwa na akili kwa nguvu za jini huyo.

Kirkman angeweza kuvihesabu vyungu hivyo kuwa vigae tu. Badala yake, aliandika kazi yake ilikuwa nini na wenye nyumba walitarajia nini kwayo. Kwa njia hiyo aliihifadhi imani pamoja na chungu.

Hata hivyo, tendo lenyewe lina utata. Kwa desturi za Pwani, fingo lina mwenyewe, halichezewi wala halihamishwi ovyo. Anayelazimika kulikaribia hubisha hodi, hufukiza ubani na kutumia maneno ya adabu. Mwanaakiolojia hubisha kwa sururu, na akishaondoka, ulinzi uliowekwa mlangoni huwa umevunjwa.

Wapo pia waliolipinga fingo kwa sababu nyingine. Qurani inataja majini, na sura nzima, ya 72, imepewa jina lao. Lakini wanazuoni wa Kiislamu hufundisha kwamba kinga huombwa kwa Mwenyezi Mungu pekee. Licha ya mafundisho hayo, hata kisiwani Mombasa, katika mnara wa kale wa Mbaraki, wapo waliozoea kupeleka marashi na ubani kwa ajili ya pepo anayesemekana kukaa humo.

Mambo haya hayapatikani Pwani pekee. Huko Key West, katika jimbo la Florida nchini Marekani, mwanasesere aitwaye Robert amewekwa ndani ya kasha la kioo katika makumbusho. Wageni huambiwa wamwombe ruhusa kabla ya kumpiga picha. Adabu hiyo ni ileile anayotakiwa kuwa nayo anayelikaribia fingo.

Mwaka 1958, wafungwa walipoondolewa Fort Jesus, Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ulitoa fedha za ukarabati, naye Kirkman akaanza ufukuaji. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, akawa mkuu wake wa kwanza. Aliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1972.

Ngome hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilishuhudia vifo vingi, hasa wakati Waomani walipoizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Kirkman alichapisha matokeo ya utafiti wake humo mwaka 1974. Miaka michache baadaye alishiriki uchunguzi wa Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Aliaga dunia mwaka 1989.

Sio yote aliyoyasema yaliyodumu. Aliitazama miji ya kale ya Pwani zaidi kama kazi ya wageni kutoka Uarabuni. Watafiti waliomfuata, wakiwemo Wakenya, wameonyesha kwamba ilijengwa na Waswahili wenyewe, jamii ya Kiafrika iliyochanganyika na wageni wa ng'ambo.

Lakini swali lililozikwa pamoja na mafingo ya Gedi lingali hai. Wamijikenda huwachongea wazee wao waliofariki vigango, nguzo za mbao zenye umbo la mtu, ambazo huaminika kuwa makao ya koma, yaani roho za wafu. Kigango kikishasimikwa hakiondolewi, hata kikiliwa na mchwa. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo, na familia zilizoibiwa zikahusisha wizi huo na magonjwa, ukame na vifo. Mwaka 2007, familia moja ilirejeshewa kigango chake kutoka Marekani, zaidi ya miaka 20 baada ya kuibwa.

Aliyeinunua nguzo hiyo aliona mti uliochongwa vizuri, ilhali familia ilimwona mzee wao. Kirkman alivitoa vyungu mahali pake, na hilo haliwezi kufutwa. Lakini aliandika vilizikwa wapi, kwa sababu gani na kwa ajili ya nani. Wezi wa vigango hawakuacha hata hayo, ndiyo maana nguzo nyingi zilizofika ng'ambo hazijulikani tena ni za mzee yupi.