Beryl Markham na Miguu ya Farasi

Mtu akitoka katikati ya mji wa Nairobi kwa barabara ya Ngong, akapita Adams na Dagoretti Corner, hufika mahali ambapo nyumba zinapungua na miti ya msitu inaanza kuonekana. Hapo ndipo ulipo uwanja wa mashindano ya farasi, uliofunguliwa mwaka 1954. Katika nyumba ndogo iliyo ndani ya eneo la uwanja huo aliishi bibi mmoja wa Kizungu, mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache, ambaye dunia ilipata kumjua, ikamsahau, kisha ikamkumbuka tena alipokuwa karibu ya kufa. Jina lake Beryl Markham. Wengi waliowahi kulisikia jina hilo hulisikia kwa habari ya ndege, kwani alikuwa rubani hodari. Lakini ndege alizirusha kwa miaka michache tu, ilhali farasi aliwalea tangu utotoni mpaka uzeeni, na kwa maoni yangu huko ndiko alikokuwa yeye hasa.

Sisi watu wa pwani mchezo wa farasi hatukuuzoea, lakini si wageni wa jambo lenyewe. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa bahari pale Lamu wakati wa Maulidi akawatazama punda wakishindana anajua jinsi mtu anavyoweza kukosa usingizi kwa ajili ya mnyama. Kadhalika farasi hawa wa mbio, ambao Waingereza hujisifu nao, asili yao si Uingereza. Wote, kwa upande wa baba, nasaba yao huishia kwa madume 3 waliopelekwa kule kutoka nchi za Waarabu na Waturuki. Na katika hadithi sahihi imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwashindanisha farasi Madina. Lililoharamishwa ni kamari, na kamari imejaa katika viwanja hivi, hilo hatulifichi. Lakini kumlea farasi hata akashinda ni kazi, tena ni kazi ngumu, na habari zetu leo ni za kazi hiyo.

Beryl alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba, 1902. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuja kutafuta maisha katika nchi hii wakati Waingereza walipokuwa wakigawiwa ardhi ya bara kana kwamba haikuwa na wenyewe, akaanza shamba huko Njoro. Binti aliletwa akiwa na umri wa kama miaka 4. Mama yake hakuyaweza maisha ya shambani. Akarudi kwao pamoja na kaka yake Beryl, na mtoto wa kike akabaki na baba. Baba naye alikuwa na mashine za kusaga nafaka, na mbao, na farasi wake wa mbio, basi malezi ya mtoto yakawa mikononi mwa wafanyakazi na jirani. Alikua akicheza na watoto wa Kikalenjin, akajifunza lugha yao pamoja na Kiswahili, akafuatana na wanaume kwenda kuwinda, jambo ambalo binti wa kwao wenyewe hangeruhusiwa. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa aliitwa arap Ruta. Jina hili lishike msomaji. Shule alipelekwa Nairobi, lakini hakudumu. Walimu walimshindwa wakamfukuza. Chuo chake kilikuwa zizi la baba yake. Huko alijifunza kumsaidia farasi jike anayezaa usiku, na kupitisha kiganja juu ya mguu wa farasi akajua kwa joto lake kama kuna maumivu ndani.

Mwaka 1919, akiwa hajatimiza hata miaka 17, aliozwa kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba jirani. Haikupita muda ukame ukamfilisi baba yake: alikuwa ameshafunga mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyowekwa, na nafaka ikapanda bei kupita kiasi. Shamba likauzwa, farasi wakapigwa mnada, na mzee akaenda zake Peru kulea farasi wa watu wengine. Beryl alikataa kufuata. Alipanda farasi wake, akaenda Molo, akaanza kuwafunza farasi wachache wa watu. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza katika nchi hii kupewa leseni ya kazi hiyo, akiwa bado kijana sana. Arap Ruta alimfuata huko akawa mkono wake wa kuume. Katika masimulizi mengi ya Wazungu mtu huyu hutajwa kwa mistari miwili mitatu kama mtumishi mwaminifu, kisha hupitwa. Mimi naona si haki. Farasi hafunzwi na mtu mmoja. Yuko saisi anayelala zizini, anayemjua kwa pumzi zake, na huyo ndiye wa kwanza kujua kama mnyama hakumaliza chakula chake usiku.

Hapa inafaa tueleze kidogo kazi yenyewe. Kabla ya msimu kufunguliwa, farasi hutolewa kila alfajiri, kwanza kwa matembezi, kisha matiti, kisha shoti fupi, na siku zinavyosogea shoti huongezwa. Akifanyishwa kazi kidogo, siku ya mashindano pumzi humwishia njiani. Akizidishiwa, miguu huharibika. Mwili wa farasi wa mbio ni mzito, nao hubebwa na miguu myembamba kama ya swala, na nyuma ya kila mguu wa mbele hupita kano ambayo ikikatika au ikivimba, basi hesabu ya msimu mzima imekwisha. Ubaya zaidi ni kuwa mnyama hasemi. Hukimbia na maumivu yake mpaka yamwangushe. Kwa hiyo mwenye farasi huingia msimu mpya akiwa na tumaini katika moyo mmoja na hofu katika moyo huo huo: kila asubuhi yampasa aamue kama aongeze au apunguze, na hakuna wa kumwambia kama amepatia mpaka siku yenyewe ifike.

Beryl alionjeshwa jambo hili kikamilifu mwaka 1926. Katika zizi lake alikuwamo dume mmoja hodari aliyeitwa Wrack, aliyemtengeneza tangu mwanzo, na kila mtu akimtarajia kushinda mashindano makubwa ya St Leger mjini Nairobi. Zilipobaki wiki chache, mwenye farasi alishawishiwa na rafiki zake kuwa msichana hawezi kuaminiwa na mnyama wa thamani ile. Akamwondoa, akampeleka kwa mfunzaji mwingine. Kazi ya miezi mingi ilikwenda kwa neno la barazani. Akabakiwa na jike mmoja tu wa kutajika, Wise Child, mwenye mbio nyingi lakini mwenye kano zilizokwisha kuharibika kabla hajafika kwake. Wajuzi walimwona farasi huyo kuwa si kitu tena.

Ukifikiri, mtu mwingine angemwacha apumzike. Beryl na arap Ruta walimwanza upya. Walimkanda miguu, wakamfunga vitambaa, wakamtoa mbio kidogo kidogo, wakihesabu kila shoti kama bahili anavyohesabu senti. Hawakuweza kumjaribu kwa nguvu zote hata mara moja, kwa sababu huenda jaribio hilo ndilo lingemmaliza. Kwa hiyo walikwenda uwanjani bila kujua kama miguu ile itafika mwisho wa njia. Siku hizo uwanja haukuwa Ngong bali upande wa pili wa mji, kuelekea Kariokor, na barabara ya Racecourse bado imebeba jina la habari hiyo. Alipandwa na kijana aitwaye Sonny Bumpus. Kama alivyosimulia Beryl mwenyewe miaka mingi baadaye, Wise Child aliongoza, Wrack akamkaribia, na katika hatua za mwisho miguu ya jike ikaanza kuvunja ahadi kama ilivyohofiwa. Lakini hakusimama, akamtangulia mwenziwe mstarini. Wrack akashindwa na yule yule aliyemlea. Nadhani hata asiyependa mchezo huu ataelewa jinsi usiku ule ulivyokuwa mtamu huko zizini.

Ndoa ya kwanza ilivunjika. Mwaka 1927 aliolewa na Mansfield Markham, tajiri wa Kiingereza, akazaa naye mtoto wa kiume mwaka 1929, na mtoto akabaki kulelewa Uingereza kwa upande wa baba. Yako na mengine yaliyosemwa juu yake na watu wakubwa wa nchi yao, mpaka jamaa ya mfalme. Ukurasa huu si mahali pake. Inatosha kusema kuwa alipoandika kitabu cha maisha yake hakumtaja mume hata mmoja, lakini farasi aliwataja kwa majina.

Aliporudi Kenya alijifunza urubani kwa Tom Campbell Black, akapata leseni mwaka 1931. Alipeleka barua, dawa na abiria, na kuwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani. Mwaka huo huo wa 1931 alinusurika kwa tundu la sindano. Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuwa na nyumba Takaungu, alimwalika wafuatane kwa ndege kwenda pwani na Voi. Mwalimu wake akamzuia, na arap Ruta pia hakuipenda safari hiyo. Akabaki. Tarehe 14 Mei ndege ya Finch Hatton ilianguka Voi mara tu baada ya kuruka, akafa yeye pamoja na mtumishi wake.

Tarehe 4 Septemba, 1936 jioni, Beryl aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Kwenda upande huo ni kupigana na upepo njia nzima. Baada ya saa 21 na ziada mafuta yakakataa kupita kwa sababu ya barafu, akaishusha ndege katika bwawa la matope huko Nova Scotia, Kanada. Pua ya ndege ilizama, naye akatoka na jeraha la kichwa. New York hakufika kwa ndege ile, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Kabla mwezi haujaisha Campbell Black akafa katika ajali ya ndege Liverpool. Miaka iliyofuata aliipitisha zaidi Marekani, na mwaka 1942 kikatoka kitabu chake, West with the Night. Wako wanaodai kuwa mume wake wa tatu, aliyekuwa mwandishi, ndiye aliyekiandika. Ubishi huo haujakatika, lakini sura za farasi zilizomo sioni ni nani mwingine angaliweza kuzijua. Vita vilikuwa vimepamba moto, kitabu kikasahauliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alirudi Kenya bila mali, umri umekaribia 50, akaanza tena palepale alipoanzia: farasi wachache wa watu, na alfajiri. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akiwa kando ya ziwa Naivasha, alikuwa hana mfano. Derby ya Kenya, ambayo ndiyo kilele cha msimu, farasi wake waliishinda mara 6. Waliofanya kazi naye walisema alikuwa mkali, asiyependa kuambiwa, tena mgumu wa kulipa madeni. Kwa binadamu hakuwa na subira. Kwa mguu wa farasi subira yake haikuwa na mwisho. Katikati ya miaka ya 1960 akahamia Afrika Kusini. Mambo hayakumnyokea, akarudi karibu na mwaka 1970.

Hapo ndipo alipopewa ile nyumba ndogo ya Ngong. Aliendelea na farasi wachache mpaka uzee ulipomshinda, kisha akabaki kuwa mtazamaji, yeye aliyekuwa akitazamwa. Msimu ukifunguliwa farasi waliokuwa wakipita karibu na mlango wake walikuwa wa watu wengine. Fedha hakuwa nazo. Wezi walimvamia humo ndani wakampiga vibaya. Na tarehe 1 Agosti, 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, wakati watu wa Nairobi wamejifungia majumbani, bibi huyu wa miaka 79 aliwasha gari akaenda zake Muthaiga kula chakula cha mchana kama kawaida yake, na gari lake likapigwa risasi njiani. Aliokoka.

Mwaka uliofuata, 1983, kitabu chake kilichapishwa upya Marekani, baada ya kugunduliwa barua ya zamani ya Ernest Hemingway iliyokisifu mno. Safari hii kikanunuliwa kwa wingi, na fedha zikamfikia akiwa na miaka 80 na kitu. Waandishi na wapiga picha wakaanza kuifuata barabara ya Ngong kumtafuta, nao wote walitaka habari za Atlantiki.

Alianguka nyumbani, akavunjika, akapelekwa hospitali, na tarehe 3 Agosti, 1986 akafariki, ikiwa imebaki mwezi mmoja kutimia miaka 50 tangu usiku ule wa Abingdon. Alikuwa na miaka 83. Uwanja ungali pale, na katika msimu mashindano hufanywa siku za Jumapili.