Bibi Katharine Cook, Mwalimu wa Wakunga

Mtu atokaye Misungwi akashuka mpaka Kigongo hulikuta Ziwa Victoria limeingia katikati ya nchi kavu, mahali paitwapo ghuba ya Mwanza. Akisafiri kwa chombo kuelekea kaskazini atapita maji ya kilometa nyingi kabla ya kufika ng'ambo, katika nchi ya Buganda. Huko kuna kilima cha Namirembe, na karibu yake ni Mengo, mahali walipokaa wafalme wa Waganda. Hapo ndipo Bibi Katharine Cook alipofanya kazi ya maisha yake, yaani kuwafundisha wasichana namna ya kuwaokoa akina mama na watoto wachanga wasife.

Alizaliwa mwaka 1863 katika jamaa ya Timpson, watu wa Uingereza. Siku zile hata katika mji mkubwa wa London watoto wengi walikufa kabla ya kujua kutembea. Miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake, yaani mwaka 1852, ilifunguliwa hapo hospitali ya watoto peke yao, katika njia ya Great Ormond Street, nayo ilikuwa na vitanda 10 tu. Watu walikuwa wameanza kufahamu kwamba mtoto si mtu mzima aliyepungua kimo. Homa yake hupanda upesi, maji ya mwili wake hukauka upesi, wala hawezi kueleza panapomwuma. Basi amwuguzaye hana budi kuwa na macho makali na elimu yake. Katharine alijifunza kazi ya uuguzi katika hospitali ya Guy's, mjini London.

Mwaka 1896 aliwaaga watu wa kwao, akafuatana na wamisionari wa CMS waliokuwa wakienda Uganda. Miongoni mwao alikuwamo daktari kijana, jina lake Albert Cook. Mombasa waliikuta reli ndiyo kwanza inaanza kujengwa. Kwa hiyo wakaingia bara na msafara wa wapagazi, wakapita nyika na milima na mito. Walitoka pwani mwezi wa Oktoba, wakafika Mengo mwezi wa Februari, mwaka 1897.

Wagonjwa hawakungoja nyumba ijengwe. Walianza kuja mara waliposikia kwamba daktari amefika. Mwaka ule ule ilijengwa hospitali ndogo ya matete na nyasi, na Katharine akawa mkuu wa wauguzi. Hakukuwa na mtu aliyejifunza kazi ile. Hivyo ilimbidi kumwonyesha kila msaidizi jinsi ya kunawa mikono, kuchemsha vyombo, kufunga vidonda, na kumlisha mgonjwa asiye na nguvu. Mwaka 1900 aliolewa na Dakta Albert Cook, na tangu hapo wakafanya kazi pamoja kama mtu na mkono wake.

Shida hazikuwa chache. Mwaka 1901 Dakta Cook na ndugu yake Jack, naye daktari, waliwaona hospitalini wagonjwa wa kwanza wa malale, maradhi ambayo baadaye yaliua maelfu kwa maelfu ya watu pwani ya ziwa. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali, ikateketea kwa moto. Wakaanza tena, na mwaka 1904 hospitali mpya ya matofali ikafunguliwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo matofali hayakuweza kuliondoa. Wanawake wengi waliletwa Mengo wakati umekwisha kupita. Mama aliyeshikwa na uchungu mbali na mji alichukuliwa juu ya machela siku nzima, na alipofika mara nyingine mtoto alikuwa amekufa, na mara nyingine mama pia. Watoto wengine walizaliwa wazima, kisha baada ya siku chache miili yao ikakakamaa kwa pepopunda, kwa sababu kitovu kilikatwa kwa chombo kisichochemshwa. Wengine walipata maradhi ya wazazi wao tangu tumboni. Wakunga wa kizee wa vijijini walikuwa na huruma na mazoea mengi, lakini hakuna aliyewaambia habari za vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Bibi Cook aliyafikiri mambo hayo. Aliona kwamba hata kama angefanya kazi usiku na mchana, mikono yake isingefika kila kijiji cha Uganda. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Basi akakusudia kuwafundisha wasichana wa nchi ile ile, wanaojua lugha na desturi za mama zao, ili warudi kukaa karibu na akina mama. Shule hiyo ya wakunga ilianza Mengo.

Wengi walikuwa na shaka, Waafrika na Wazungu pia. Ukunga ulikuwa kazi ya wanawake watu wazima waliokwisha kuzaa. Kumpa msichana kazi hiyo kulionekana kama kuvunja heshima. Wengine walisema kwamba wasichana hawataweza elimu ngumu namna ile, wala kukaa peke yao mbali na wazazi wao bila ya kuharibika. Hilo lilikuwa jambo zito, kwa maana kama mmoja angeanguka, wote wangehukumiwa pamoja naye, na mlango ungefungwa kwa wale wa nyuma.

Bibi Cook hakushindana na watu kwa maneno. Aliwaweka wanafunzi wake chini ya malezi makali, akawafundisha hatua kwa hatua. Walijifunza jinsi mtoto anavyokaa tumboni, na dalili za hatari ambazo haifai kungoja nazo. Walijifunza kuchemsha mkasi na uzi kabla ya kukata kitovu, kumwamsha mtoto asiyelia, kumkinga na baridi, na kumpima uzito ili kujua kama anakua au anadhoofu. Dakta Cook alitunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili wasichana wasome kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1921 shule ilipata jengo lake, likaitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana wa Uganda wa siku zile.

Wale waliofaulu walipelekwa katika vituo vidogo mbali na mji. Huko kila mmoja wao alikuwa peke yake na elimu yake. Usiku wa manane, taa ikiwa ndogo na daktari akiwa mbali, ilimpasa msichana huyo kuamua kama mama angoje au achukuliwe upesi hospitalini. Akikosea, roho mbili zilikuwa hatarini. Mwanzoni akina mama waliokuja walikuwa wachache. Lakini mama aliyerudi kwake na mtoto mzima mgongoni aliwashuhudia jirani zake bila ya kusema neno, na mwaka uliofuata wakaja wengine. Hivyo shaka ya wazee ilipungua, na wasichana wengine wakaomba kufundishwa.

Mwaka 1931 Mengo ilianza kufundisha wauguzi pia, siyo wakunga tu. Mwaka 1932 Mfalme wa Uingereza alimpa Dakta Cook cheo cha heshima, na mkewe akaitwa Lady Cook. Cheo hicho hakikumbadili. Alifariki katika nchi ya Uganda mwaka 1938, miaka 41 tangu alipofika Mengo kwa miguu. Mumewe aliishi mpaka mwaka 1951.

Kazi ya namna yake imeenea pande zote za ziwa. Mwanza, juu ya kilima cha Bugando, ilifunguliwa hospitali kubwa mwaka 1971, na hapo vijana hufundishwa kazi ya uuguzi. Siku hizi uuguzi wa watoto na vijana umekuwa elimu ya peke yake, na mwuguzi aliyekwisha kufaulu katika kazi yake ya kwanza huweza kurudi darasani kujifunza hiyo zaidi.

Mtoto azaliwaye leo Misungwi, kitovu chake kikakatwa kwa chombo safi, akapimwa uzito na kulazwa kifuani mwa mama yake, halijui jina la Katharine Cook. Na pengine hata mkunga amshikaye halijui. Lakini mkunga huyo alifundishwa na mtu, na mtu huyo naye alifundishwa. Bibi Cook aliwaokoa wengi kwa mikono yake mwenyewe, lakini walio wengi zaidi aliwaokoa kwa mikono ya wanafunzi wake.