Mambéty, fundi wa filamu aliyewaenzi wauzaji wadogo

Djibril Diop Mambéty alifariki dunia Julai 23, 1998, akiwa hospitalini jijini Paris, kwa saratani ya mapafu. Alikuwa na umri wa miaka 53. Senegal ilimpoteza mwongozaji wa filamu aliyeacha filamu ndefu mbili tu na nyingine fupi chache, lakini ambaye mpaka leo hajapatikana wa kumfananisha naye.

Alizaliwa Januari 1945 Colobane, kando ya Dakar, baba yake akiwa kiongozi wa dini ya Kiislamu. Ujanani aliigiza katika ukumbi wa taifa wa Daniel Sorano, lakini hakuwa mtu wa kupangiwa, akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Chuo cha filamu hakukikanyaga. Alishika kamera akajifunza kwa kupiga.

Mwaka 1973 akatoa Touki Bouki, yaani safari ya fisi kwa Kiwolofu. Mchunga ng'ombe mwenye pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe na pembe zake, pamoja na mpenzi wake mwanafunzi, wanahangaika kutafuta fedha za safari ya meli kwenda Paris. Siku ya kuondoka msichana anapanda meli, kijana anageuka na kurudi mjini mbio. Filamu hiyo ilipata tuzo Cannes na Moscow.

Baada ya hapo ilipita karibu miaka 20 kabla ya filamu ndefu ya pili, Hyènes, ya mwaka 1992. Bibi tajiri anarudi kwao Colobane na kuahidi utajiri mkubwa, mradi auawe mwenye duka aliyemkana zamani akiwa mjamzito. Watu wanakataa kwa ghadhabu. Punde wanaanza kuchukua bidhaa kwa mkopo katika duka la mtu huyohuyo, na viatu vipya vinaonekana miguuni mwao. Mwenye duka anaelewa kwamba wameshamuuza.

Januari 1994 thamani ya faranga ya CFA ilishushwa kwa nusu. Faranga moja ya Ufaransa, iliyokuwa ikipatikana kwa faranga 50 za CFA, ikawa 100. Aliyelala na mtaji wa magunia mawili ya bidhaa za nje aliamka na wa gunia moja. Mambéty alijibu mwaka huohuo kwa filamu fupi, Le Franc. Mwanamuziki fukara, ambaye mwenye nyumba amemnyang'anya ala yake kwa deni la kodi, ananunua tiketi ya bahati nasibu na kuigundisha mlangoni, nyuma ya picha ya Yaadikoone, mwizi wa zamani wa Dakar aliyependwa na maskini. Tiketi inashinda. Haibanduki. Anaung'oa mlango mzima na kuubeba mgongoni kupita mjini kwenda kudai fedha zake. Jina hilohilo la Yaadikoone Mambéty alilipa taasisi aliyoianzisha kwa ajili ya watoto.

Le Franc ilikuwa ya kwanza kati ya tatu alizokusudia kuhusu watu wa kawaida. Ya pili, La petite vendeuse de Soleil, ilitoka mwaka 1999, mwenyewe akiwa kaburini. Ya tatu haikupigwa kamwe.

Katika hiyo ya pili, Sili, msichana mlemavu anayetembea kwa magongo, anaona wavulana wakiuza magazeti na kuuliza kwa nini msichana asiuze. Anapewa magazeti, anauza. Polisi anamshuku wizi kwa sababu ana fedha mkononi. Anampeleka yeye polisi huyo kituoni na kudai haki yake. Faida ya kwanza anamnunulia bibi yake kipofu mwavuli wa kumkinga jua, na nyingine anagawa sadaka. Wavulana wanampiga kumbo na kumwibia gongo. Rafiki yake anambeba mgongoni, na biashara inaendelea.

Hiyo ndiyo picha ambayo Mambéty, aliyekuwa akiugua, aliwaachia watu wake.