Descartes: Mpenda usingizi aliyetuonyesha siri ya mabano

Kama hesabu za mabano zinakutoa jasho darasani, huenda ukampenda René Descartes. Jamaa alipenda kitanda, si mchezo. Alizaliwa Ufaransa Machi 31, 1596, na mamake akafariki kabla hajatimiza miaka miwili. Kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu, walimu wake pale La Flèche walimruhusu abaki amelala wenzake wakiamka. Tabia hiyo ikamganda maisha yote.

Akasomea sheria, akajiunga na jeshi, kisha akahamia Uholanzi. Mnamo 1633 alikuwa karibu kuchapisha kitabu kuhusu ulimwengu aliposikia Galileo amehukumiwa Roma kwa kushikilia kwamba dunia inalizunguka jua. Akakificha. Woga? Labda, ila hata mimi ningekificha.

Mnamo 1637 akatoa Jiometri. Humo alichukua (x−2), (x−3), (x−4) na (x+5), akazizidisha, likatoka dubwana hili:

x⁴ − 4x³ − 19x² + 106x − 120 = 0

Ukipewa hilo peke yake utakuna kichwa. Ukipewa mabano, kazi ni kama imeisha. Namba zikizidishwa zikaleta sufuri, lazima mojawapo iwe sufuri. Kwa hivyo x ni 2, au 3, au 4. Na (x+5) je? Hapo ndipo wengi huandika 5 na kupoteza alama. Jibu ni −5, maana −5 ukiongeza 5 unapata sufuri.

Descartes mwenyewe hakuichangamkia hiyo −5. Majibu hasi aliyaita ya uongo, lakini hakuyaacha nje ya hesabu. Alionyesha pia kwamba ukishajua jibu moja, tuseme 2, unaweza kuligawanya dubwana lote kwa (x−2) bila kubakisha kitu, nalo linashuka kutoka kipeo cha nne hadi cha tatu. Hapo unapumua kidogo.

Mnamo 1640 bintiye, Francine, alifariki akiwa na miaka mitano tu. Miaka tisa baadaye Malkia Christina wa Sweden akamwalika Stockholm amfundishe falsafa. Shida ni kwamba malkia alitaka kipindi saa kumi na moja alfajiri, katikati ya baridi kali. Mzee wa kulala akaanza kurauka. Akashikwa na homa ya mapafu, na mnamo Februari 11, 1650, akafariki akiwa na miaka 53.