Zwangendaba

Zwangendaba kaHlatshwayo (takriban 1785 – takriban 1848) alikuwa mtawala wa kwanza wa Wangoni waliohamia Afrika ya Mashariki na ya Kati. Anajulikana hasa kwa kuongoza safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Afrika Kusini ya leo hadi nyanda za juu za Ufipa, alikovamia nchi ya Wafipa na kufia mahali panapoitwa Mapupo. Ufipa leo ni sehemu ya Mkoa wa Rukwa, Tanzania.

Asili yake

Alizaliwa katika ukoo wa Jele, kaskazini mwa jimbo la leo la KwaZulu-Natal. Ukoo huo ulikuwa chini ya Wandwandwe, na Zwangendaba alikuwa mmoja wa makamanda wa mfalme wao, Zwide. Mwaka 1819 hivi Zwide alishindwa na Shaka, mfalme wa Wazulu, karibu na mto Mhlatuze. Makamanda kadhaa walichukua watu wao na kukimbilia kaskazini. Miongoni mwao walikuwa Soshangane, aliyeanzisha dola la Gaza nchini Msumbiji, na Zwangendaba mwenyewe.

Safari ya kaskazini

Kwa miaka kadhaa alikaa kusini mwa Msumbiji, kwenye maeneo yanayozunguka Maputo ya leo. Baadaye aligombana na Soshangane akaondoka kuelekea Zimbabwe, ambako watu wake waliishambulia dola ya Warozwi iliyokuwa imetawala huko tangu karne ya 17. Mtawala wa mwisho mwenye nguvu wa Warozwi hakuuawa naye, kama vitabu vingine vinavyoeleza. Kwa kawaida pigo hilo huhesabiwa kuwa la Nyamazana, kiongozi mwanamke wa kundi la Wangoni lililobaki nyuma.

Zwangendaba alivuka mto Zambezi karibu na Zumbo. Masimulizi ya Wangoni yanasema kwamba jua lilipatwa siku hiyo, na kwa sababu hiyo wanahistoria huitaja tarehe 20 Novemba 1835. Kisha alipita katika nchi ya Wansenga na magharibi mwa Ziwa Nyasa. Kila alipokaa misimu michache, kundi lake liliondoka likiwa kubwa kuliko lilivyofika.

Uvamizi wa Ufipa

Wangoni walifika Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1840. Nchi hiyo iko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Rukwa upande wa mashariki. Ukingo wa Lyamba lya Mfipa ndio unaotenganisha uwanda wa juu na bonde, zilipo kata kama Milepa. Wafipa walikuwa wakulima wa ulezi na maharage, tena wafua chuma hodari walioyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo. Walikuwa na wafalme wao wenyewe, lakini hawakuwa na jeshi la kudumu. Wangoni walipigana kwa vikosi vya rika, kwa mkuki mfupi wa kuchoma na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Kijiji kimojakimoja hakikuweza kuvizuia vikosi hivyo.

Sababu za uvamizi

Vitabu vingi vya shule huishia kwenye maelezo kwamba Wangoni walimkimbia Shaka. Hiyo ni kweli kwa mwaka 1819 tu. Shaka aliuawa mwaka 1828, na Zwangendaba alivuka Zambezi miaka saba baadaye, wakati hakuna Mzulu aliyekuwa akimfuata. Wafipa walivamiwa na dola iliyokuwa na nguvu kuliko jirani zake wote, kwa hiyo sababu lazima itafutwe ndani ya dola hiyo.

Kwanza ni ng'ombe. Kwa Wangoni ng'ombe walikuwa mali, mahari, sadaka kwa mizimu na ngao za vita. Misitu ya miombo kati ya Zambezi na Ufipa ina mbung'o wanaoua mifugo. Uwanda wa Ufipa ni wa majani, wenye baridi na wazi, na wenyeji wake walikuwa na mifugo. Kwa mfugaji aliyetoka kusini hiyo ilikuwa nchi ya kutamanika.

Pili ni chakula. Watu waliokuwa wakihamahama na kuweka vijana wao vitani hawakulima kiasi cha kujitosheleza. Walikula akiba ya ghala za wengine, na ghala zilipokwisha walihama. Mwendo huo ulimaliza nchi moja baada ya nyingine, na wenyeji ndio walioachwa na njaa.

Tatu, na pengine kubwa zaidi, ni watu. Kati ya wafuasi wa Zwangendaba waliofika Ufipa, wachache tu walikuwa wamezaliwa kusini. Wengi walikuwa Watsonga, Wakalanga, Wansenga na Watumbuka waliotekwa, wakagawiwa kwenye nyumba kubwa za mfalme na kuingizwa katika vikosi vya rika. Kijana aliyetekwa akiwa mtoto aliweza kupanda cheo kwa kuteka wengine. Utaratibu huo uliwapa watu wa kila kabila nafasi ya kuwa Wangoni, lakini ulidai vita vipya kwa kila rika jipya. Mfalme asiyepeleka vijana vitani angewaona wakimfuata kamanda mwingine, kama yeye alivyojitenga zamani.

Kifo na mgawanyiko

Zwangendaba alikufa Mapupo. Miaka inayotajwa ni kati ya 1845 na 1848. Wanawe walikuwa bado wadogo, na nyumba za wake zake zilikuwa na uhasama wa muda mrefu, ambao masimulizi huuhusisha na tuhuma za uchawi. Ndugu yake Ntabeni alishika utawala kwa muda, kisha Mgayi. Haukupita muda dola likavunjika vipande.

Kundi moja, lililoitwa Watuta, lilikwenda kaskazini hadi Ujiji na Unyamwezi, ambako baadaye lilishirikiana na Mirambo. Kundi la Zulu Gama lilielekea mashariki na kufika Songea. Mji huo una jina la Songea Mbano, kiongozi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, na ambaye ukoo wake ulitoka kwa Wakalanga wa Zimbabwe. Mpezeni, mwana wa Zwangendaba, alirudi kusini hadi eneo la Chipata nchini Zambia, na ndugu yake Mbelwa akakaa Mzimba nchini Malawi.

Ufipa waliondoka Wangoni, na falme za Nkansi na Lyangalile zikainuka tena. Wazungu waliopita huko katika miaka ya 1870 na 1880 walikuta nchi ya wakulima yenye amani. Jina la Nkansi limebaki katika Wilaya ya Nkasi. Machifu wakuu wa Chipata na Mzimba, wanaotumia hadi leo majina ya Mpezeni na Mbelwa, huhesabu nasaba yao kutoka kwa Zwangendaba.